Kimesema "Sawa". Sawa Gani?

Najua nimepotea. Kuna walionitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko... hapana jamani, bado nipo, mwaka wa tatu, Ualimu, ghorofa ya nne na ndoo yangu ya maji. Kilichoniweka kimya wiki tatu hizi ni kazi ambayo sikuwahi kufikiri mwalimu mtarajiwa ataifanya: kuandika maelezo ya matumizi ya programu ya kompyuta. Kurasa nne tu. Wiki tatu! Na nimegombana mara mbili na jamaa aliyeitengeneza. Leo naeleza nilichokuwa nagombania, halafu mnihukumu wenyewe.

Nianze na kisa, maana bila kisa mtaona naongelea makaratasi.

Likizo ndefu ya mwaka jana wanane kati yetu tulichukuliwa kusaidia utafiti wa mwalimu wetu mmoja kuhusu usomaji wa watoto wa darasa la pili. Unaingia shule ya msingi na simu, mtoto anasoma kifungu kifupi cha habari kwa dakika moja, unahesabu maneno aliyosoma sawasawa, unajaza: umri, jinsi, idadi ya maneno, majibu ya maswali ya ufahamu. Posho ilikuwa kiduchu, lakini bumu lilishaisha zamani, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Kwenye simu tulitumia ODK. Kwa wasioijua, ni programu huria ya kukusanyia takwimu, iliyoanza 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, chini ya profesa Gaetano Borriello (alifariki 2015). Inafanya kazi bila intaneti. Unajaza kijijini, ukifika penye mtandao ndipo unatuma. Maswali yenyewe huandikwa kwenye faili la Excel kwa utaratibu unaoitwa XLSForm, ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kila swali na mstari wake. Safu moja inataja aina ya swali, nyingine jina lake, nyingine maneno atakayoyaona anayejaza. Halafu kuna safu inaitwa "constraint", na hiyo ndiyo iliyotuliza. Humo unaandika sharti: jibu lipi lipite na lipi likataliwe. Kwa hiyo faili lile ni zaidi ya dodoso. Ndimo mlimoandikwa takwimu nzuri ni ipi, na mkikosea humo simu itakosea pamoja nanyi kwa utiifu kabisa.

Aliyepewa kuandika faili ni rafiki yangu mmoja (anajijua, na ameniruhusu kuandika haya). Ni makini kuliko sisi wote. Akalimaliza usiku, akalipitisha kwenye kigeuzi kinachobadili faili la Excel kuwa fomu ya simu, ambacho kabla ya kukubali hukagua kwanza. Kikakubali. Akaandika kwenye grupu: "Nimekagua, imesema sawa." Wote tukaweka dole gumba, hata yule anayesoma Hisabati. Na mimi.

Siku ya tatu jioni mwalimu akafungua takwimu. Kuna mtoto wa darasa la pili ana miaka 77. Mwingine 0. Mwingine 88. Jumla watoto 19 wana umri usiowezekana, karibu wote ni vidole tu vimeteleza kwenye simu. Simu ilitakiwa ikatae. Haikukataa hata mmoja.

Sharti aliloandika rafiki yangu ni hili:

. >= 6 or . <= 15

Ile nukta inamaanisha jibu la swali lenyewe. Sasa mpelekee 77. Je, ni kubwa kuliko 6 au sawa nayo? Ndiyo. Basi imetosha, inapita. Mpelekee 0. Je, ni ndogo kuliko 15? Ndiyo. Inapita. Chukua namba yoyote unayoijua wewe, itapita. Sharti linasomeka vizuri na halizuii kitu chochote. Pale katikati palitakiwa "and".

Na msikimbilie kusema uzembe. Kwenye karatasi ya mpango wetu tulikuwa tumeandika: "Mtoto asiwe chini ya miaka 6 au zaidi ya 15." Kiswahili safi kabisa, nani atakikosoa? Lakini hiyo ni kauli ya kukataza. Ukiigeuza iwe ya kuruhusu (awe 6 na kuendelea, awe 15 na kushuka), ile "au" lazima igeuke "na". Watu wa hisabati wana kanuni yao ya jambo hili, wameipa jina la De Morgan, Mwingereza wa karne ya 19. Rafiki yangu anasoma Historia na Jiografia. Alichukua sentensi ya karatasini akaihamisha kama ilivyo, neno kwa neno, kama ambavyo ningeihamisha mimi.

Kurudi kuwauliza wale watoto haikuwezekana. Majina hatukuandika, kwa kuwalinda, na umri ulihitajika ili kuwalinganisha. Kumi na tisa wakatolewa. Mmoja wao namkumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyempima: mvulana mdogo, sweta limempwaya, alisoma kile kifungu mpaka mwisho na dakika haijaisha. Mwalimu wake aliyekuwa mlangoni akasema, "Huyu? Huyu huwa haongei darasani!" Nilifurahi mpaka mikono ikatetemeka, nikabonyeza 8 mara mbili. Yule wa miaka 88 ni wangu.

Aliyeulizwa lakini hakuwa mimi. Aliulizwa rafiki yangu, mbele yetu wote, "Ulikagua kweli?" Akasema alikagua. Na ni kweli alikagua! Ila jioni ile kwenye gari hakuongea na mtu, na kesho yake alitaka kurudi nyumbani.

Haya, sasa hoja yangu. Kigeuzi hakikukosea, naomba hilo lieleweke. Kinaangalia mambo ya maana sana: kama sharti linataja swali ambalo halipo kwenye faili, kinakataa. Kama mabano hayakufungwa, kinakataa. Kama hesabu mbili zinategemeana kwa mzunguko, hii inamsubiri yule na yule anaisubiri hii, kinakataa. Hiyo ni sarufi ya faili. Ni kama mimi nisahihishe insha kwa kutazama herufi kubwa na nukta peke yake, na mwanafunzi ameandika kwamba Mlima Kilimanjaro uko Mwanza. Sentensi haina kosa, tiki.

Kigeuzi kiliposema sawa kilimaanisha "faili limefuata utaratibu wa uandishi". Sisi tukasikia "takwimu zenu ziko salama". Kati ya maana hizo mbili ndipo wale watoto 19 walipopotelea. Na mtu pekee anayeweza kuziba pengo hilo ni yule anayeandika maelezo ya chombo, kwa sababu mtengenezaji anajua tayari na mtumiaji hajui kama kuna la kujua.

Tuliporudi, jamaa mmoja wa Kompyuta (tumwite Fundi) alikisikia kisa chetu kantini akatengeneza kikaguzi chake kwa Python. Kidogo tu. Kinafungua faili la XLSForm, kinapita mstari kwa mstari, kinakuambia: swali hili la namba halina sharti, hili lina sharti lakini halina ujumbe wa kumwonyesha anayejaza akikosea, hili lina sharti ila si la lazima kujibiwa. Hilo la mwisho lilinishangaza. Katika ODK, jibu likiachwa wazi sharti halipimwi kabisa! Unaweza kuandika umri uwe 6 hadi 15, mjazaji akaruka swali, na simu ikatulia kimya, mpaka uweke kwenye safu ya "required" kwamba ni lazima. Na limeandikwa wazi kwenye maelezo ya ODK wenyewe. Hatukuyasoma. Nani anasoma?

Fundi akaniita niandike maelezo, "si wewe ticha bwana." Alichotaka ni orodha ya amri na chaguo zake. Hii inafanya hivi, ile inafanya vile, basi. "Programu inajieleza yenyewe," akasema.

Mimi ukurasa wa kwanza nikaanza na vitu ambavyo kikaguzi hakivijui. Hakijui mtoto wa darasa la pili ana miaka mingapi. Hiyo unaijua wewe uliyefika shuleni. Hakijui kama swali lako linaeleweka. Ukiandika 7 kwa mtoto wa miaka 8 hakitaona. Mjazaji akikaa chini ya mwembe akajaza watoto watano wa kubuni wenye umri mzuri kabisa, hakitaona pia. Na faili ambalo halikulalamikiwa linaweza kuwa baya.

Fundi akakasirika. "Sasa wewe unauza chai unaanza kumwambia mteja haina sukari?"

Ndiyo! Kama haina, namwambia. Maana mteja huyu hanywi akaona ladha palepale. Anabeba chai, anasafiri kilomita arobaini, anawagawia watoto wa watu, halafu siku ya tatu ndipo inajulikana. Kasoro za redio utazisikia leo leo ukiiwasha. Kikaguzi kinaharibu kimya kimya kwa kukutuliza moyo, na ukishatulia huangalii tena. Tena nadhani bila kikaguzi chochote mmoja wetu angelipitia lile faili kwa macho. Lile neno "sawa" ndilo lililotulaza.

Hapo ndipo ugomvi wa pili ulipotokea. Kikaguzi chake kikimaliza bila kuona tatizo kilikuwa kinaandika SAWA kwa herufi kubwa za kijani. Nikamwambia alitoe hilo neno. Akagoma, watu wanapenda kuona kijani. Nikamsimulia yule mvulana wa sweta. Akanyamaza, akaondoka na laptopu yake, siku mbili hapokei simu.

Aliporudi (na hapa lazima nimpe haki yake) alikuja na kitu kilichoshinda maandishi yangu. SAWA imeondoka. Badala yake kinaandika: "Maswali 14 yamesomwa. 3 hayana sharti. 2 yana sharti bila ujumbe." Kinachoweza kuhesabika, hesabu yake. Halafu chini, kwa kila swali la namba, kinachukua namba za majaribio, -1, 0, 7, 77 na 999, kinazipitisha kwenye sharti lako na kukuonyesha ipi imekubaliwa na ipi imekataliwa. Nikampa faili letu la mwaka jana. Kwenye umri likatoka: inakubali, inakubali, inakubali, inakubali, inakubali. Mtoto wa miaka 999, karibu darasani!

Mimi nilikuwa nimeandika aya mbili nzima kueleza tofauti ya "na" na "au", pamoja na De Morgan wake. Nikazifuta. Mstari mmoja wa 999 unafundisha zaidi, na unafundisha saa ileile mtu anapokosea, siyo kwenye karatasi aliyoiacha hosteli. Kwa hiyo Fundi alikuwa na nusu ya ukweli: kuna maelezo ambayo mahali pake ni ndani ya programu yenyewe. Nusu yangu naing'ang'ania, maana hata lile jedwali lake halisemi 15 imetoka wapi.

Nikishamaliza rasimu nilimpa ninayekaa naye chumba kimoja, Kiswahili na Historia, hajawahi kugusa mambo haya. Nikakaa pembeni nikajizuia kuongea. Jaribuni siku moja, ni adhabu. Mstari wa kwanza kabisa: "Fungua terminal." Akaniangalia. "Terminal ya airport?" Dakika kumi na mbili hajatoka mstari wa kwanza, na mimi nilikuwa naona ukurasa ule ni mwepesi kama maji. Sasa pana picha ya dirisha lenyewe na maneno, "dirisha jeusi la kuandikia amri."

Maneno nayo yalinitesa. "Constraint" nimeiita sharti, kwa sababu kila mtu anajua sharti ni kitu usipokitimiza hupiti. Folda nimeiacha folda. Kabrasha ni neno zuri lakini sijasikia mtu hapa chuoni akisema nitumie kabrasha. "Code" ilinishinda. Msimbo ndiyo lugha ya kamusi, na nikiandika kodi mtu atadhani mwenye nyumba anadai. Msidhani kazi ya kuipa kompyuta maneno ya Kiswahili imeanza na mimi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, wengine wetu tulikuwa watoto wa kubebwa. Menyu zote kwa Kiswahili. Ninapoona pametupungukia mpaka leo ni kwenye maelezo: nani anamkalisha mtu chini kwa Kiswahili na kumwambia chombo hiki kinafanya nini na kinaishia wapi? Wajazaji wa takwimu wanahojiana na wazazi kwa Kiswahili, wanagombana na msimamizi kwa Kiswahili, halafu kinachoamua jibu lipi lipite kimeelezwa kwa Kiingereza cha watu wa programu.

Na hapa nawageukia walimu wenzangu. Kuna bwana anaitwa Daniele Procida ameandika utaratibu anaouita Diátaxis, anasema maelezo ya programu ni aina nne: somo la kumwingiza mgeni, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, rejea ya kutafutia kitu, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Nilipousoma nikacheka. Haya si yale yale tunayokaririshwa kila muhula? Nani anafundishwa, anajua nini tayari, akitoka aweze kufanya nini. Watengenezaji wengi wanaandika rejea wanaishia hapo, ambayo ni sawa na kumkabidhi mtoto muhtasari wa somo na kusema nimefundisha. Sisi tunaandaa azimio la kazi na andalio la somo mpaka usingizini. Kazi hii ni yetu, na tumeiacha kwa sababu ina neno kompyuta.

Najua mtakachosema. Programu hubadilika, maelezo yanabaki nyuma, na maelezo yaliyopitwa na wakati ni mabaya kuliko kukosa maelezo. Kweli. Yametupata sisi wenyewe: Fundi alibadili mpangilio wa matokeo Jumanne, mwongozo wangu ukawa unaonyesha picha ya Jumatatu. Tumekubaliana asiguse kinachoonekana bila kunipigia. Kama ataheshimu tutaona, mafundi mnawajua.

Juzi nikampelekea rasimu yule rafiki yangu. Niliogopa. Kwenye ukurasa wa pili nilikuwa nimetunga mfano wa sharti bovu, kitu cha uzito wa mbuzi, ili nisimkumbushe. Akasoma zote nne, akarudisha na alama mbili za kalamu nyekundu. Moja ni kosa la tahajia. Nyingine amefuta mbuzi wangu wote, na pembeni ameandika kwa mkono wake . >= 6 or . <= 15, na chini yake: "Weka hii. Usiweke jina, ila weka hii."

Nimeiweka. Saa mbili kasoro, nakimbilia kipindi. Mwenye faili la XLSForm analotaka tulijaribu anitafute, Fundi anasema ataongeza namba nyingine za majaribio.